Mkalimani wa Sinema Katanga: Sauti Isiyomo katika Nakala

1. Utangulizi

Mpenzi wa sinema za zamani anayetaka leo kuitazama tena picha aliyoiona utotoni hana shida kubwa. Filamu nyingi za karne ya 20 zimetunzwa katika nyumba za kuhifadhia picha, zikanakiliwa kwenye kanda za video, baadaye kwenye sahani za DVD, na siku hizi zinatazamwa hata kwenye simu. Mtu aweza kukaa sebuleni kwake Lubumbashi akamtazama Charlie Chaplin, ambaye sisi tuliosoma Kifaransa tunamwita Charlot, akienda na fimbo yake na viatu vyake vikubwa, kama alivyotazamwa Paris au New York.

Hata hivyo, kwa mzee aliyeanza kutazama sinema katika makambi na mitaa ya Katanga kabla ya uhuru wa 1960, nakala hiyo ina pengo. Picha zimo, na pengine muziki umo. Kisichokuwamo ni sauti ya mtu aliyesimama kando ya kitambaa cheupe akiwaeleza watu, kwa Kiswahili, yaliyokuwa yakitendeka mbele ya macho yao. Mtu huyo tutamwita mkalimani wa sinema. Maneno yake yalisemwa usiku mmoja na kwisha usiku uleule. Hayakuandikwa katika ukanda wa filamu, na kwa hiyo aliyeihifadhi filamu hakuyahifadhi maneno.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini sinema ya Katanga ilihitaji mkalimani. Pili, usemi wake ulikuwa na sifa gani za kiisimu, na watazamaji wenyewe walibuni msamiati gani. Tatu, nini kilitokea sinema ilipohama kutoka uwanjani na kuingia nyumbani. Tunashikilia kwamba usemi wa mkalimani ni utanzu wa Kiswahili wenye haki ya kuchunguzwa kama tunavyochunguza hadithi, methali na tamthilia, na kwamba muda wa kuufanya uchunguzi huo umebaki mfupi.

2. Kwa nini mkalimani?

Sinema ilionyeshwa kwa umma mjini Paris na ndugu Lumière tarehe 28 Desemba 1895. Miaka 15 baadaye, mwaka 1910, reli kutoka kusini ilifika mahali palipoanzishwa mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na kwingineko. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza kwa kirefu jinsi Kiswahili kilivyopata kuwa lugha ya kazi na ya mji huu, ingawa hakikuwa lugha ya asili ya wenyeji wa eneo lenyewe. Watoto waliozaliwa makambini walikifanya kuwa lugha yao ya kwanza.

Ndani ya jamii hiyo sinema haikuwa huru kwa wote. Sheria ya mwaka 1936 iliwazuia Wakongomani kuingia katika maonyesho ya filamu ambazo hazikuidhinishwa kwa ajili yao na tume ya udhibiti. Wazungu walikuwa na majumba yao mjini. Mwafrika alionyeshwa picha zilizochaguliwa, mara nyingi nje, usiku, katika uwanja wa kambi au wa misheni. Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi hii ilipanuka. Mwaka 1946 padre Alexandre Vandenheuvel aliunda huko Léopoldville kituo cha Kikatoliki cha sinema. Serikali nayo ilianzisha mwaka 1947 ofisi yake ya filamu na picha. Huko Kasai, padre Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, waliofuata mtindo wa Laurel na Hardy. Wawili hao walipendwa sana, hata Tristan Bourlard akatengeneza filamu ya historia juu yao mwaka 1996.

Kwa nini basi picha hizo zilihitaji mtu wa kuzisemea? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: nyingi hazikuwa na sauti, au zilikuwa na maelezo ya Kifaransa ambayo wengi wa watazamaji hawakuyafahamu. Sababu ya pili ni ya kijamii. Uwanjani walikaa pamoja Waluba, Wabemba, Walunda, Watetela na wengine, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa moja. Sababu ya tatu ni ya kisiasa. Wakuu wa ukoloni hawakuiamini picha peke yake. Filamu juu ya usafi wa maji au malezi ya mtoto ilitakiwa ifundishe somo moja tu, na mkalimani ndiye aliyewekwa alinde somo hilo lisipotoke.

Katika sababu hii ya tatu mna mkinzano unaostahili kuangaliwa. Aliyepewa kazi ya kulinda maana alikuwa pia mtu pekee aliyeweza kuibadili. Alijua Kifaransa kiasi cha kupokea maagizo, na alijua Kiswahili cha makambini kiasi cha kuwachekesha watu. Msimamizi aliyejifunza Kiswahili cha kutoa amri hakuwa na hakika ya kufuata kila mzaha uliopita kati ya mkalimani na umati.

Hali hii haikuwa ya Katanga peke yake. Nchini Japani, enzi ya filamu zisizo na sauti ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na baadhi yao walipata sifa kuliko waigizaji waliokuwamo katika picha. Karibu zaidi nasi ni lile jaribio la sinema ya elimu lililofanywa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937. Huko zilitengenezwa filamu fupi 35, na sauti yake iliwekwa kwenye sahani za gramafoni katika lugha mbalimbali za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwamo. Waliobuni mpango huo walitaka sahani ichukue nafasi ya mtu. Lakini sahani haisikii watu wakicheka, wala haiwezi kungoja kelele zipungue. Mkalimani aliyesimama pale aliweza yote mawili, na ndiyo maana njia yake ilidumu muda mrefu.

3. Sifa za usemi wake

Kwa kuwa maneno yenyewe hayamo katika nakala, uchunguzi wa kiisimu hauna budi kuanza na masharti ya kazi. Mtu anayesemea picha inayokwenda hana uhuru wa mtambaji wa hadithi. Tuchukue sentensi ya mfano, tuliyoitunga wenyewe kwa Kiswahili cha Lubumbashi:

Muone kale kamutu, kanaingia mu nyumba. Bwana iko nyuma ya mulango.

Kwa Kiswahili sanifu tungesema: Mtazameni yule mtu mdogo, anaingia nyumbani, bwana yuko nyuma ya mlango. Sentensi ni nyepesi, lakini ina mambo manne ya kutazama.

La kwanza ni kionyeshi. Katika hadithi ya kawaida, neno "yule" humrejea mtu aliyekwisha kutajwa. Hapa "kale" linaelekeza kidole kwa mtu anayeonekana. Msemaji na msikilizaji wanakiona kitu kilekile kwa wakati uleule, na neno linafanya kazi pamoja na jicho. Ukiuandika usemi huu bila picha yake, vionyeshi vyote hubaki vinaelea.

La pili ni njeo. Mtambaji wa hadithi hutumia -li- kuanzia na -ka- kuendeleza: "aliingia, akamkuta bwana, akakimbia". Kiambishi -ka- humpa mtambaji mamlaka juu ya wakati. Akitaka kuharakisha huharakisha, akitaka kusita husita. Mkalimani wa sinema hana mamlaka hayo, kwa sababu mashine haimngojei. Amefungwa na -na-. Akichelewa kwa sentensi mbili, tukio limekwisha kupita, na watoto wa mbele wamekwisha kuangua kicheko bila yeye.

La tatu ni elimu. Kusema kwamba bwana yuko nyuma ya mlango ni kuwapa watazamaji jambo ambalo mtu wa ndani ya picha halijui. Hapa mkalimani anavuka mpaka wa tafsiri na kuwa msimulizi: anaongeza hofu, au anaipunguza, kwa kuchagua lini aseme na lini anyamaze.

La nne ni ngeli. Kiswahili cha Katanga kimehifadhi, kwa nguvu ya lugha za Kibantu za jirani, viambishi ka- na tu- vya kudogosha, ambavyo Kiswahili sanifu hakivitumii kwa njia hiyo. "Kamutu" ni zaidi ya mtu mfupi: laweza kubeba huruma, au dharau, au mapenzi ya kumcheka mtu. Ukimwita mchekeshaji mwembamba kwa ka- na yule mnene kwa neno lisilo na ka-, tayari umewagawia vyeo vyao kabla hawajafungua kinywa. Mgawanyo huo haumo katika picha wala katika Kifaransa. Umeletwa na sarufi ya mkalimani.

Tuongeze jambo la tano, ambalo halimo katika mfano wetu: namna ya kunukuu. Mwenye kufasiri maneno ya mtu mwingine aweza kusema "anasema kunyweni maji yaliyochemshwa", au aweza kusema "eti kunyweni maji yaliyochemshwa". Kineno "eti" hutenga msemaji na anayoyasema. Katika uwanja ambapo mafunzo yalitoka juu na wasikilizaji walikuwa chini, neno dogo la namna hii lingeweza kubadili mwelekeo wa filamu nzima. Mwanaisimu atakayepata masimulizi ya wazee ingefaa alitafute kwanza neno hilo na ndugu zake.

4. Akteri, stelingi, Jack na Bill

Watazamaji nao walikuwa na lugha yao, na hapa ushahidi ni mwingi kwa kuwa maneno yangali vinywani. Katika mitaa ya Lubumbashi, watoto wanaosimuliana filme husema kwamba "akteri" hafi. Neno limetoka katika Kifaransa, ambako linamtaja kila mwigizaji, mwema na mbaya, mkubwa na mdogo. Kwetu limefinywa maana: akteri ni shujaa peke yake. Adui wake ni "shefu bandi", mkuu wa majambazi, hata kama aliyeigiza nafasi hiyo ni maarufu kuliko shujaa.

Huko Tanzania na Zanzibar shujaa huyohuyo anaitwa "stelingi". Neno hili limetokana na Kiingereza cha matangazo ya sinema, ambamo lilitangulia jina la mwigizaji mkuu. Watazamaji walilichukua tangazo la kazi wakalifanya jina la mtu. Njia ni mbili, Kifaransa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, lakini mahali pa kufikia ni pamoja: neno la kigeni linalohusu uigizaji linabanwa mpaka limtaje shujaa tu. Hapakuwa na shule iliyofundisha hivyo. Inaelekea kwamba watazamaji walikuja na mgawanyo wao, wa shujaa na adui, ambao hadithi ziliwazoeza, wakatafuta maneno ya kuujaza.

Njia nyingine ni jina la pekee kugeuka jina la jumla. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika mji wa migodi wa Luanshya, mtafiti Hortense Powdermaker alifanya uchunguzi mwaka 1953 na 1954, akauchapisha katika kitabu cha 1962. Aliona jinsi wafanyakazi walivyozipenda sinema za ng'ombe na bastola za Marekani, na jinsi shujaa wa kila sinema ya namna hiyo alivyoitwa Jack, awe nani. Huko Léopoldville katika miaka ileile ya 1950, vijana waliovaa na kutembea kama Buffalo Bill walijiita Bill, na usemi wao ukaitwa Hindubill. Didier Gondola ameandika historia yao katika kitabu cha 2016. Jack alibaki kwenye kitambaa. Bill alishuka akaingia mitaani, akawa jina la mtu mwenye damu na nyama. Sifikiri tofauti hiyo ni ya bahati tu, na ingefaa itafitiwe kwa kulinganisha maisha ya makambi ya migodi, yaliyosimamiwa kwa karibu na kampuni, na maisha ya mitaa ya mji mkuu.

Mamlaka nazo zilijua nguvu ya jina katika sinema. Mfalme Baudouin alipozuru Kongo mwaka 1955, André Cauvin alitengeneza filamu juu ya ziara hiyo na kuiita Bwana Kitoko. "Bwana" ni Kiswahili, "kitoko" ni uzuri kwa Kilingala. Jina la filamu moja likazishika lugha mbili kubwa za koloni, magharibi na mashariki, kwa maneno mawili.

Kwa pwani, somo kubwa ni la sinema za Kihindi. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 juu ya majumba ya sinema ya Tanzania, ameonyesha jinsi Awara ya mwaka 1951, iliyotengenezwa na kuigizwa na Raj Kapoor pamoja na Nargis, ilivyopendwa mno Zanzibar na kukumbukwa miaka mingi baadaye. Kisa chake ni cha kijana anayeshitakiwa kwa kujaribu kumwua hakimu ambaye, pasipo kujua, ndiye baba yake. Na hakimu huyo anaamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Waliokuwa hawajui Kihindi waliifahamu. Waliojua kidogo waliwaeleza wasiojua, walioiona jana waliwaeleza wa leo, na nyimbo zikapata njia ya kuingia katika taarabu. Ukalimani hapo haukuwa kazi ya mtu mmoja aliyeajiriwa, maana watazamaji waligawana wenyewe kwa wenyewe.

5. Kutoka uwanjani hadi sebuleni

Televisheni ilianza nchini mwaka 1966. Hatua ya Novemba 1973 ya kutwaa biashara za wageni, pamoja na mzoroto wa uchumi uliofuata, iliathiri uletaji wa filamu kama ilivyoathiri uletaji wa bidhaa nyingine. Uporaji wa mwaka 1991, uliofika Lubumbashi mwezi Oktoba, uliwamaliza wafanyabiashara wengi wa mjini. Kinshasa na kwingineko, majumba kadhaa ya sinema yaligeuka kuwa makanisa au maghala. Wakati huohuo kanda ya VHS, iliyotolewa Japani mwaka 1976, ilikuwa imekwisha kuenea duniani. Sinema ikahamia kwenye vibanda vya video na sebuleni.

Nyumbani ukalimani haukufa. Ulibadili mwenyewe. Bibi, ambaye Katanga tunamwita kambo, huketi mbele ya televisheni inayosema Kifaransa, na mjukuu aliyesoma ndiye anayemweleza. Zamani aliyefasiri alikuwa mtu mzima aliyetumwa na wakubwa, na sasa ni mtoto anayetumwa na nyanya yake. Heshima imepinduka kidogo, maana mdogo ndiye mwenye kujua. Lakini mkubwa ana haki ya kuuliza, na mjukuu hana ruhusa ya kutojibu.

Badiliko hilo lina matokeo ya kisarufi. Mkalimani wa uwanjani alifungwa na mashine, lakini kanda ya video inaweza kusimamishwa na kurudishwa nyuma. Kambo akiuliza, "Huyu anakimbia nini?", mjukuu husimamisha picha na kujibu: "Aliiba pesa za yule mzee wa mwanzo, wakamwona, sasa wanamtafuta." Viambishi -li- na -ka- vimerudi. Wakati picha imesimama, mfasiri amepata tena mamlaka ya mtambaji wa hadithi. Tena usemi umekuwa mazungumzo ya watu wawili: kuna swali, jibu, ubishi, na hukumu ya kambo juu ya tabia za watu wa kwenye picha. Kwa mchunguzi wa lugha, sebule ni mahali pazuri kuliko uwanja.

Miji mingine ilipiga hatua zaidi. Dar es Salaam walitokea wafasiri wa video kama Lufufu na DJ Mark, walioweka sauti yao ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni na kuziuza katika kanda na baadaye katika sahani. Matthias Krings amewaandikia utafiti. Kampala kuna VJ Jingo, anayefanya hivyo kwa Kiganda. Huwaita watu wa kwenye picha majina ya kwao, hutaja mitaa inayojulikana na wateja, na hutia mizaha ambayo mtengenezaji wa filamu hakuiwazia. Kuna swali la haki za wenye filamu, ambalo haliwezi kupuuzwa. Lakini kwa upande wa isimu jambo kubwa limetokea: sauti ya mkalimani imeingia katika nakala. Mwanafunzi wa mwaka 2080 atakayetaka kujua jinsi Kiswahili kilivyosemea sinema Dar es Salaam atakuwa na kitu cha kusikiliza. Atakayeuliza hivyo juu ya Katanga ya mwaka 1955 atategemea kumbukumbu za watu tu, na watu hao wanapungua.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Hesabu yenyewe ni fupi. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1955 alitimiza miaka 80 mwaka 2025. Mkalimani aliyekuwa na miaka 30 wakati ule hatumtarajii tena. Waliobaki ni wasikilizaji wake, na hao walikuwa watoto.

Bahati njema ni kwamba picha zimehifadhiwa na zinafikika. Cinematek ya Brussels ilitoa mwaka 2010 mkusanyo wa DVD wa filamu za Kongo ya Ubelgiji za Ernest Genval, Gérard De Boe na André Cauvin. Filamu za wamisionari zinatunzwa Louvain katika kituo cha KADOC. Tunapendekeza basi njia rahisi, isiyohitaji maabara. Mwanafunzi aende nyumbani kwa mzee aliyewahi kuhudhuria maonyesho hayo, amwonyeshe filamu fupi ya enzi yake kwenye kompyuta, mara ya kwanza bila maswali. Mara ya pili aizime sauti, amwombe mzee aseme kama mkalimani alivyokuwa akisema. Mara ya tatu asimamishe picha pale mzee atakapotaka kueleza. Yote yarekodiwe, kisha maneno yaandikwe sambamba na dakika za filamu, ili kila kionyeshi kipate picha yake.

Yapasa kuzingatia tahadhari tatu. Kwanza, tutakachopata ni Kiswahili cha mzee wa leo akimkumbuka mkalimani wa jana. Hakiwezi kuchukuliwa kama rekodi ya mwaka 1955. Ili kupima umbali huo tunayo maandishi ya kulinganishia, hasa ile historia ya Élisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa, ambayo Fabian aliichapisha mwaka 1990. Pili, mwanafunzi asiusahihishe usemi wa mzee uwe sanifu. Mtu akisema "anafanyaka" kwa jambo la mazoea, liandikwe hivyo, kwa maana kiambishi hicho ndicho tunachokitafuta. Tatu, mzee aombwe idhini, na nakala ya rekodi ibaki kwa jamaa yake kabla haijafika chuoni.

Mfano wa kufuata tunao nyumbani. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 na ambao Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu ni miongoni mwa waliouongoza, umeonyesha kwamba wakazi wa makambi na mitaa wako tayari kusimulia wanapoulizwa kwa adabu. Kundi la Mufwankolo limeonyesha kwa muda mrefu, katika redio na televisheni, kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kinabeba mchezo mzima bila kuazima heshima kwa lugha nyingine. Chama cha Picha, kinachoandaa tangu 2008 maonyesho ya sanaa ya mji huu, kimejipa jina la Kiswahili bila kulitafsiri. Filamu fupi ya michoro Machini ya mwaka 2019, kazi ya Frank Mukunday na Tétshim, nayo ina jina la Kiswahili. Na mwaka 2023 Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alituzwa huko Cannes kwa filamu ambayo Kiswahili kinasikika ndani yake kutoka vinywani mwa waigizaji wenyewe. Wakati wa wakoloni lugha hii ilisimama kando ya kitambaa; sasa imeingia ndani ya picha.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mkalimani wa sinema Katanga alikuwa msimulizi mwenye sarufi yake: vionyeshi vinavyotegemea jicho, njeo iliyofungwa na mashine, ngeli zinazogawa huruma na dharau, na vineno vya kunukuu vilivyoweza kumweka mbali na somo alilotumwa kulitoa. Tumeonyesha pia kwamba watazamaji walikuwa na istilahi zao, na kwamba sinema ilipoingia nyumbani ukalimani ulibadili mwenye kuutenda na sarufi yake. Ikiwa watu wa lugha nyingi walikaa usiku kwa usiku wakicheka pamoja kwa Kiswahili kimoja, basi uwanja wa sinema ni mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili cha mji huu kilikomaa. Dhana hii inahitaji kuthibitishwa kwa rekodi.

Kwa hiyo tunawaalika wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi zao za mwisho wa masomo waanze katika nyumba zao wenyewe, Kamalondo, Katuba, Kenya au Ruashi. Filamu tatu fupi, kompyuta moja, kinasa sauti kimoja na mzee mmoja mwenye kupenda kusimulia vyatosha kwa mwaka wa kwanza wa kazi. Wenzetu wa historia wanaweza kuzitambua filamu na miaka yake, nasi wa isimu tukayaandika maneno. Kila rekodi itakayoletwa ihifadhiwe chuoni pamoja na maandishi yake, iwe wazi kwa wote watakaokuja.